Kabla hujaandika barua ya kuomba kulipa deni la TRA kwa awamu

Barua ya kuiomba TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ikubali ulipe deni la kodi kwa awamu ni ukurasa mmoja. Ukinipa karatasi nitaimaliza kabla chai haijapoa. Ndiyo maana huwa siiandiki mteja anapokuja kwa mara ya kwanza. Ofisi yangu iko ghorofa ya tatu Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na lifti hakuna. Anayefika juu anahema na hasira anazo tayari, na nikimwambia ashuke akalete makaratasi kwanza ananiona sina utu. Lakini barua iliyotangulia hesabu ni barua ya kuomba huruma, na afisa wa madeni hana fungu la huruma. Anachokiona kwenye kompyuta yake ni kiasi, tarehe, na mwenendo wako wa miaka iliyopita. Unatakiwa uingie pale ukiwa unayajua hayo matatu kuliko yeye.

Haya ninayoandika ni kwa mwenye fremu, mwenye stoo, fundi mwenye karakana, au mtu aliyefungua kampuni BRELA, kwa msajili wa makampuni, akaisahau. Makampuni makubwa yana mawakili wao.

Unaomba nini hasa?

Kuna kijana wa vipuri, Gerezani, alikuja akiwa amesikia kwa mjomba wake aliyeko Marekani kwamba huko mtu anaweza kuiandikia mamlaka ya kodi, IRS, akasema "nadaiwa hiki lakini uwezo wangu ni hiki", wakikubali anafutiwa kilichobaki. Ni kweli upo utaratibu wa namna hiyo kule, una fomu zake na ada yake, na wengi wanaoomba hukataliwa. Kwetu usiende dirishani ukitaka kupatana bei ya kodi yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 ina milango yake, na kila mmoja una kazi yake.

Kama hukubaliani na kodi uliyokadiriwa, mlango wako ni pingamizi. Una siku 30 tangu ulipopokea uamuzi, na ili pingamizi lipokelewe unatakiwa ulipe kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Hata hilo la theluthi unaweza kuomba kupunguziwa, kwa maandishi na kwa sababu. Usiporidhika na majibu ya pingamizi, ndipo inakuja Bodi ya Rufani za Kodi.

Kama unakubali kwamba unadaiwa ila huna pesa yote, unaomba kuongezewa muda au kulipa kwa awamu. Na kama kilichokulemea ni riba na adhabu zilizopanda juu ya kodi ya msingi, sheria inaruhusu hizo zisamehewe pale penye sababu ya msingi. Ombi la awamu na ombi la msamaha wa riba vinaweza kwenda pamoja. Pingamizi na ombi la awamu juu ya kodi ileile haviendi pamoja: huwezi kusema "sidaiwi" na "nivumilieni nitalipa" kwa pumzi moja. Kwa hiyo kama zile siku 30 bado hazijaisha, acha kusoma hapa, kimbia kwa mshauri wa kodi aliyesajiliwa leo hii.

Wengine wanangoja msamaha kama ule wa 2018, serikali ilipofuta riba na adhabu kwa asilimia 100 kwa walioomba na kulipa kodi ya msingi. Ungojee ukitaka. Wakati unangoja, riba inahesabiwa kila mwezi, na riba ya mwezi huu inahesabiwa juu ya ile ya mwezi uliopita.

Deni limetokana na nini

Hapa ndipo tunapokaa muda mrefu, na hapa ndipo penye pesa.

Ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi mtandaoni, au nenda mkoa wako wa kikodi na TIN (namba yako ya mlipakodi) na kitambulisho, uombe taarifa yote ya deni. Usikubali kuondoka na jumla tu iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya mtu. Unataka mchanganuo: aina ya kodi, mwaka, kodi ya msingi, riba, adhabu. Ukirudi, chukua daftari lenye mistari, chora safu hizo tano, andika mstari mmoja kwa kila deni. Mimi natumia kalamu tatu. Nyekundu ni kwa mistari isiyotokana na biashara yako bali na ukimya wako, bluu ni kwa malipo uliyofanya lakini huyaoni, nyeusi ni deni la kweli.

Nyekundu ndiyo inayojaza ukurasa kuliko zote. Mtu asipopeleka ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yake, TRA inakadiria yenyewe, na kadirio hilo linakaa kwenye mfumo kama deni mpaka uonyeshe hali halisi. Juu yake kuna adhabu ya kutopeleka ritani, inayohesabiwa kwa kila mwezi. Mwenye kampuni isiyofanya kazi haponi: kampuni iko hai kwenye kumbukumbu, kwa hiyo inatakiwa ipeleke ritani hata ya sifuri. Nimeona vijana wawili waliofungua kampuni kwa ajili ya tenda moja, tenda wakaikosa, wakarudi kijiweni, miaka inapita, na deni linakua pale bila wao kuuza hata peni. Vilevile aliyefunga fremu akahamia Mbagala kulima mboga bila kuandika barua ya kufunga biashara. Kwa mfumo, bado anauza.

Dawa ya mistari myekundu ni ritani zote zilizokosekana, mwaka kwa mwaka, kabla ya barua yoyote ya kuomba chochote. Ukienda kuomba awamu huku una ritani za miaka miwili hazijapelekwa, unaomba mkataba juu ya namba ambayo haijakamilika. Aliye na mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, mtu binafsi, kazi ni nyepesi kidogo. Akizidi hapo hesabu zinakuwa nzito, na mhasibu mwenye cheti cha NBAA, bodi ya wahasibu, ni gharama ya kuingiza kwenye mpango.

Kuna mstari mwekundu mmoja wa Kariakoo hasa: kodi ya zuio ya pango. Mpangaji wa fremu ya biashara anatakiwa azuie asilimia 10 ya pango aipeleke TRA, mwenye nyumba apewe asilimia 90. Sasa mwambie mwenye nyumba wa Mtaa wa Kongo, anayetaka pango la mwaka mzima mkononi, kwamba utamkata asilimia 10! Atakuonyesha foleni ya wanaoitaka fremu hiyo. Watu wanalipa yote, halafu wakaguzi wakija wanamdai mpangaji. Kama mstari huu uko kwenye daftari lako, usianze ugomvi na mwenye nyumba bado. Nenda kwake kwa adabu, "Mzee, shikamoo, naomba tuangalie karatasi," umuulize kama yeye mwenyewe aliwahi kuilipia kodi ile pesa. Wapo waliolipa. Ukipata nakala ya malipo yake pamoja na mkataba wa pango, hicho ni kielelezo cha kuzungumzia. Kama hajalipa, mstari unageuka mweusi, na mkataba unaofuata uandikwe vizuri.

Bluu: malipo yasiyosomeka. Unapotoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, unachagua aina ya kodi na kipindi. Anayekusaidia akichagua mwaka mwingine, pesa imeingia serikalini lakini deni lako limekaa palepale. Tafuta ujumbe wa benki au wa simu wa malipo hayo, uambatanishe na ombi la kurekebisha. Hili halihitaji msamaha wa mtu.

Mama mmoja muuza vijora, ambaye nitamtumia kama mfano hadi mwisho na tarakimu zake nimezibadilisha, alikuja na deni la shilingi 11,400,000. Baada ya ritani za miaka miwili kuingia na malipo moja kuhamishiwa mahali pake, deni lilisomeka 7,200,000: kodi ya msingi 5,400,000, riba na adhabu 1,800,000. Hakuna aliyemsamehe kitu bado.

Makaratasi

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 lakini kwangu bado inapanda ngazi, Rambo zilizotuna risiti. Tatizo la risiti za EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti dukani, ni kwamba wino wake unafifia. Ya mwaka juzi iliyokaa kwenye gari unaigeuza geuza juani huoni hata jina la duka. Toa fotokopi au piga picha siku hiyohiyo. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5, na karatasi nyeupe si kumbukumbu.

Unachohitaji kwenye faili: ritani zote na uthibitisho wa kupokelewa, taarifa za benki za miezi 12, taarifa ya M-Pesa au lipa namba yoyote unayopokelea pesa, maana wateja wa siku hizi hawabebi noti, daftari la mauzo, hata kama lina madoa ya chai, mkataba wa pango, leseni, orodha ya mzigo uliopo dukani leo kwa bei ya kununulia, na madeni yako mengine yote.

Wale wa kuchangia kontena nawapa neno la pembeni. Karatasi za forodha zina jina la mwenye kontena, si lako wewe mwenye marobota manane ndani yake. Bila karatasi ya manunuzi, mauzo yako yote yanaonekana kama faida. Mwombe mwenye kontena akupe risiti ya sehemu yako. Akikataa, angalau pata maandishi ya mgawanyo wa mzigo na uthibitisho wa pesa uliyomtumia.

Sababu ya kuomba nayo ina karatasi zake. Uliumwa? Leta karatasi za hospitali. Duka liliungua? Leta ripoti ya Zimamoto na ya polisi. Msiba wa aliyekuwa anaendesha biashara? Cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi. "Biashara ngumu" inasemwa na kila mtu, hata anayeshusha kontena mbili. Kama kweli ni ngumu, acha taarifa ya benki iseme: mauzo ya miezi 12 ya mwaka juzi hapa, ya mwaka jana hapa pembeni.

Kiasi utakachotaja

Afisa atakuuliza mapema kabisa: "Unaweza kutanguliza kiasi gani?" Anayejibu "nyinyi mnasemaje?" ameshapoteza nafasi ya kupanga.

Mama wa vijora alitaka kuahidi 900,000 kwa mwezi, kwa sababu ndiyo faida yake baada ya pango, mshahara wa binti wa dukani, umeme na usafiri. Nikamuuliza nyumbani Tandika wanakula nini. Tukaandika: matumizi ya nyumbani na ada 400,000, rejesho la VICOBA 100,000, akiba ya kodi ya mwaka huu 80,000. Zikabaki 320,000. Hiyo ndiyo pesa yake. Ile akiba ya kodi ya mwaka huu msiiruke, kwani anayelipa deni la zamani huku akizalisha jipya kila robo mwaka, tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, atarudi kwangu na mfuko mwingine.

Kisha tukaangalia msimu. Vijora vinakwenda kabla ya Idi na Desemba. Masika Jangwani likijaa maji na wateja wa mikoani wasipokuja, mtu anakaa dukani anachezea simu. Mpango ukawa hivi: anatanguliza 1,500,000, miezi minane 300,000, na miezi miwili ya sikukuu 750,000. Jumla 5,400,000, yaani kodi ya msingi yote ndani ya miezi 10 baada ya malipo ya kwanza. Riba na adhabu anaomba kusamehewa, na akikataliwa anaendelea na 300,000 kwa miezi 6 zaidi.

Kwa nini nang'ang'ania kiasi kidogo chenye uhakika? Kwa sababu ukikubaliwa awamu ukaikosa moja, salio lote linaweza kudaiwa papo hapo, na TRA ina meno: inaweza kuiandikia benki yako ichukue kilichomo, inaweza kukamata mali, inaweza hata kuomba uzuiwe kusafiri nje, jambo baya kwa anayefuata mzigo Guangzhou. Kumbuka pia kwamba kukubaliwa awamu hakusimamishi riba. Mpango wa miezi 36 unaonekana mtamu mpaka upige hesabu yake yote.

Na hiyo pesa ya kutanguliza isitoke kwenye mikopo ya kausha damu. Kuna watu wanabadilisha deni linalopanda kila mwezi kwa deni linalokusanywa kila siku na kijana wa pikipiki anayekaa mlangoni kwako. Uza mzigo uliolala kwa hasara ndogo, ni nafuu.

Vishoka

Watakuja. Ukitoka tu na karatasi ya deni mkononi atatokea mtu mwenye shati safi anayemjua "mkubwa wa ndani", analifuta kwa nusu bei. Deni la kodi linalipwa kwa kontroo namba, benki au kwa simu, na jina la mpokeaji linaonekana kabla hujabonyeza. Pesa taslimu kwa mtu yeyote, awe na kitambulisho shingoni au asiwe nacho, haijalipa kodi. Anayekudai ya soda, TAKUKURU wanapokea simu bure 113.

Barua yenyewe

Sasa tunaiandika. Ya mama wa vijora, ikipunguzwa kidogo, ilikuwa hivi:

*Kamishna Mkuu,*
*Mamlaka ya Mapato Tanzania,*
*Kupitia kwa: Meneja, Mkoa wa Kikodi Kariakoo,*
*Dar es Salaam.*

*YAH: OMBI LA KULIPA DENI LA KODI KWA AWAMU NA KUSAMEHEWA RIBA NA ADHABU, TIN …*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mfanyabiashara wa nguo, Kariakoo. Nakiri kudaiwa kodi ya msingi shilingi 5,400,000 pamoja na riba na adhabu shilingi 1,800,000, kama inavyoonekana kwenye taarifa niliyoambatanisha. Ritani zangu zote zimewasilishwa.*

*Deni lilitokana na kufungwa kwa duka nilipokuwa nikitibiwa. Vielelezo vya hospitali na taarifa za benki za kipindi hicho nimeambatanisha.*

*Naomba kulipa kodi ya msingi kama ifuatavyo: shilingi 1,500,000 ndani ya siku saba baada ya kukubaliwa, na kiasi kilichobaki kwa miezi 10 kulingana na jedwali lililoambatanishwa. Naomba pia kusamehewa riba na adhabu kwa sababu nilizoeleza. Endapo ombi hili la pili halitakubaliwa, naomba kuendelea kulipa shilingi 300,000 kila mwezi kwa miezi 6.*

Sahihi, simu, orodha ya viambatanisho vyenye namba. Hakuna "naomba mnionee huruma mimi ni mjane". Ujane wake ukihusika na deni, uwe kwenye kiambatanisho.

Toa nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na inarudi nawe. Bila muhuri huo, barua yako ni uvumi. Nenda asubuhi, mwanzoni mwa mwezi au katikati. Kuelekea tarehe 20 kuna foleni ya ritani za VAT na hakuna mwenye muda wa kusikiliza jedwali lako.

Ukiitwa kuzungumza, beba faili zima na usimtume kijana. Ukiulizwa usichokijua, sema utaleta kesho, halafu kesho ulete kweli. Afisa akipendekeza kiasi kikubwa kuliko 320,000 yako, usiitikie ili utoke salama. Fungua ukurasa wa matumizi mpitie pamoja mstari kwa mstari. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapolainika, maana ni mara chache mtu anakuja na ukurasa huo.

Wakati unasubiri jibu, lipa kodi ya robo inayofuata kwa tarehe yake. Ukiweza, anza kulipa kidogo kwenye deni la msingi bila kungoja barua, na kila risiti iingie kwenye faili. Ukikubaliwa, majibu yawe kwa maandishi na jedwali lenye tarehe. Weka tarehe hizo kwenye simu, kila moja siku tatu kabla. Ukiona mwezi fulani hautaweza, andika kabla tarehe haijafika.

Awamu ya mwisho ikishaingia, subiri siku chache, toa tena taarifa yote ya deni uangalie kila mstari unasoma sifuri, kisha omba cheti cha uthibitisho wa ulipaji kodi. Utakihitaji ukienda Jiji kuhuisha leseni.